Waliokuja Kupumzika Katana

Mtoto wa miaka sita anayekulia Katana, kaskazini mwa Bukavu, hahitaji kwenda mbali kuuona mlima Kahuzi. Kilele chake chenye mita 3,308 kinaonekana upande wa magharibi kila mawingu yanapofunguka, na misitu inayouzunguka ni makao ya gorila wa Grauer, aina isiyopatikana popote duniani nje ya mashariki mwa Kongo. Kuwaona gorila wenyewe ni habari nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega humtaka mgeni awe ametimiza miaka 15, maana mafua au surua ya mtoto inaweza kuangamiza familia nzima ya wanyama hao.

Watoto wa San Diego, Marekani, hawakuwekewa sharti kama hilo. Mwaka 1930 Martin na Osa Johnson, mume na mke waliopata sifa kwa filamu zao za Afrika, walikamata gorila wawili wadogo katika milima ya Alumbongo, Kivu. Wakawaita Mbongo na Ngagi. Mwaka uliofuata wanyama hao waliuzwa kwa bustani ya wanyama ya San Diego, wakawa kivutio kikubwa cha familia siku za mapumziko. Waliaminika kuwa gorila wa milimani, na baadaye sana ndipo ilipotambuliwa kwamba walikuwa wa jamii ileile ya Kahuzi. Mbongo alikufa mwaka 1942 na Ngagi mwaka 1944, wote wawili mbali na msitu waliozaliwa.

Mambo hayo mawili yanatosha kuonyesha jinsi mapumziko yalivyopangwa katika nchi hii. Kwa karibu miaka mia moja, pwani ya Ziwa Kivu kati ya Bukavu na Katana imekuwa na kila kitu ambacho familia yenye mtoto mdogo hutafuta: maji ya kuogelea, hewa baridi, wanyama wa kutazama na wenyeji wakarimu. Karibu kila kimojawapo kiliandaliwa kwa ajili ya mtu aliyetoka mbali.

Ziwa lenyewe lilichelewa kujulikana Ulaya. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia mwaka 1894, wakati Tanganyika na Viktoria zilikuwa tayari zimechorwa kwenye ramani kwa miongo kadhaa. Wabelgiji walipojiimarisha kwenye ufuo wa magharibi waligundua faida zake upesi. Maji yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto halichoshi kama la bonde la mto Kongo. Ziwa halina mamba. Ardhi ya kando yake, yenye rutuba ya volkano, inakubali kahawa, chai na mkwinini. Mwaka 1928 iliundwa kamati ya kitaifa ya Kivu, iliyojulikana kwa kifupi CNKi, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Mashamba makubwa yakapandwa katika nchi ya Bashi na Bahavu, na wenye ardhi wakageuka vibarua juu ya vilima vya babu zao.

Bukavu, iliyopewa jina la Costermansville mwaka 1927, ikakua juu ya rasi tano zinazoingia ziwani. Nyumba zake za miaka ya 1930 na 1940, zenye kuta za mviringo na baraza zinazotazama maji, zilijengwa na watu waliokusudia kukaa na kustarehe. Mzungu aliyechoshwa na joto la Stanleyville au migodi ya Katanga alishauriwa apande Kivu na mke na watoto, akarudi kazini na afya mpya. Mwaka 1949 ofisi ya utalii ya koloni ilichapisha kitabu kinene cha kumwongoza msafiri katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, na maziwa na volkano za mashariki zikawa miongoni mwa sehemu zilizotangazwa zaidi.

Mkongo hakukatazwa kuliona ziwa, ila alilitazama kutoka upande mwingine. Makazi ya Waafrika yalitengwa Kadutu, juu ya mlima, na vilabu vya kuogelea, mahoteli na nyumba za ufuoni vilikuwa vya Wazungu. Mtu wa Katana aliingia humo akiwa boyi, mpishi, yaya au mtunza bustani. Yaya hasa ndiye aliyelijua zaidi jambo hili la vakansi: alimshika mkono mtoto wa mwajiri wake akichezea maji, na watoto wake mwenyewe wakabaki kwa bibi yao kijijini.

Hata kalenda ya mapumziko ilikuja na shule za misheni. Mwaka wa masomo wa Kibelgiji ulianza Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Julai, na Kongo inaufuata mpango huo mpaka leo. Kwa bahati, vakansi kubwa za Julai na Agosti zinaangukia kiangazi cha Kivu, wakati barabara hazina matope na ziwa huvukwa kwa urahisi. Mpango uliobuniwa kwa majira ya joto ya Ulaya ukapata kwao pa pili kwenye milima ya Bushi, nchi ya Bashi.

Kilomita chache juu ya Katana kilianza kujengwa kitu kisichofanana na hoteli wala shamba. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, na makao yake makuu yakawekwa Lwiro chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Louis van den Berghe. Taasisi ilikuwa na vituo vingine Uvira, Astrida, Mabali na Elisabethville, lakini hakuna kilichokuwa na fahari ya Lwiro. Majengo makubwa, maktaba, nyumba ya wageni, bustani na makusanyo ya ndege, samaki na wanyama waliokaushwa vilikaa katikati ya migomba kana kwamba chuo kikuu cha Ulaya kimehamishwa kizima. Miongoni mwa wataalamu waliofanya kazi hapo alikuwa Mswisi Urs Rahm, ambaye mwaka 1963 alichapisha pamoja na mwenzake kitabu kuhusu mamalia wa magharibi mwa Ziwa Kivu.

Watafiti hao walikuja na familia. Watoto wao walikulia kwenye bustani za Lwiro, wakateremka Katana na ziwani, wakatembelewa na marafiki wa wazazi wao kutoka Bukavu. Watoto wa vijiji vya jirani nao waliifahamu Lwiro, ila waliingia kwa mlango wa hospitali. Utapiamlo ulikuwa umeenea katika vilima hivyo vilivyojaa watu, na madaktari wa Kibelgiji waliifanya hospitali ya watoto ya Lwiro kuwa mahali pa kuutibu na kuuchunguza. Chini yake, Katana penyewe, ilikuwapo hospitali ya FOMULAC, tawi la kazi ya kitabibu ya Chuo Kikuu cha Louvain. Jina la Katana likajulikana katika majarida ya tiba ya Ulaya kabla halijajulikana kwa watalii.

Biashara ya wanyama hai nayo ilikuwa ikiendelea. Mwaka 1949 Mswisi Charles Cordier, mkamataji mashuhuri wa wanyama, alipeleka kwenye bustani ya Bronx, New York, gorila, okapi na tausi wa Kongo, ndege ambaye kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuonekana akiwa hai nje ya Kongo. Antwerp, Ubelgiji, ilikuwa imempokea okapi wake wa kwanza tangu mwaka 1919. Kwa familia ya Ulaya au Marekani, Kongo ilikuwa kitu cha kuonyesha watoto Jumapili, nyuma ya vyuma.

Mwaka 1958 jambo hilo lilivuka mpaka. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni 40, Wabelgiji walijenga kijiji cha Kiafrika na kuwaweka humo Wakongo, watu wazima na watoto, wakifanya kazi za mikono mbele ya umati. Baadhi ya watazamaji waliwatupia ndizi na kuwakejeli. Wakongo hao waligoma na kuondoka Julai, maonyesho yakiwa bado na miezi. Miaka miwili baadaye nchi yao ilikuwa huru.

Uhuru haukuleta utalii mara moja. Uasi wa mwaka 1964 ulifika Bukavu. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji huo kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, wakauacha ukiwa umebomolewa vibaya. Walowezi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Aliyewarudisha wageni alikuwa Mbelgiji mmoja aliyebaki. Adrien Deschryver alianza kuwafuata gorila wa Kahuzi msituni siku baada ya siku, akiongozwa na Batwa waliozijua njia za wanyama hao kuliko mtu yeyote, mpaka madume wakubwa wakazoea kuona watu. Mlima Kahuzi ulikuwa hifadhi tangu mwaka 1937. Kwa juhudi zake ukawa hifadhi ya taifa tarehe 30 Novemba 1970, wenye kilomita za mraba 600. Mwaka 1975 eneo hilo liliongezwa mara kumi kuelekea nyanda za chini za magharibi, na mwaka 1980 UNESCO iliitia Kahuzi-Biega katika orodha ya urithi wa dunia. Utalii wa kuwatembelea gorila waliozoeshwa, ambao leo unaiingizia Rwanda na Uganda fedha nyingi, ulifanyiwa majaribio yake ya mwanzo hapa, kwenye kituo cha Tshivanga, baada ya kupanda barabara inayoacha ziwa pale Miti.

Gharama yake ililipwa na wale walioonyesha njia. Batwa waliokuwa wakiishi na kuwinda katika msitu huo walifukuzwa katika miaka ya 1970 bila ardhi nyingine ya kuwatosha, wakatawanyika pembezoni mwa hifadhi kama maskini wa maskini. Shauri lao lilifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 ulisema kwamba Kongo ilivunja haki zao. Mgeni aliyelipa fedha za kigeni kumtazama gorila kwa saa moja alikuwa akitembea katika nyumba ya mtu mwingine.

Kongo ilipoitwa Zaire chini ya Mobutu, gorila akaingia hata kwenye fedha. Noti ya zaire 50,000 iliyotolewa mwaka 1991 ilibeba picha ya gorila, na watoto wengi wa Katana walimwona mnyama wa mlima wao kwenye karatasi hiyo, ambayo thamani yake ilishuka kwa kasi ya kutisha. Maheshe, dume maarufu aliyezoeshwa wageni, aliuawa na majangili mwaka 1993. Mwaka mmoja kabla ya hapo John Kahekwa, mwongozaji wa watalii katika hifadhi, alikuwa ameanzisha shirika la Pole Pole kwa hoja nyepesi: mwenye njaa anayeishi ukingoni mwa msitu hawezi kuulinda kama faida yote inapita juu ya kichwa chake. Shirika hilo lilipanda miti, likasomesha watoto wa vijiji, likawapa majangili wa zamani kazi ya kuchonga vinyago.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu, na kambi za Kashusha na Inera zikajaa kandokando ya barabara ileile ya kwenda Katana. Mwishoni mwa mwaka 1996 zikavunjwa kwa nguvu. Majeshi na makundi yenye silaha yaliingia hifadhini, na ndovu wa sehemu ya milimani wakamalizwa. Gorila wa sehemu hiyo, waliohesabiwa 258 mwaka 1990, walibaki takriban 130 mwaka 2000. UNESCO ilikuwa imeiweka Kahuzi-Biega kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997. Hakuna familia iliyopanga vakansi huko.

Kutokana na balaa hilo Lwiro ikapata kazi ambayo waanzilishi wake hawakuiwazia. IRSAC ilikuwa imegeuka taasisi ya taifa, ikawa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi ya maumbile, kikiwa na wasomi wake, mitambo yake ya kupima mitetemeko na mishahara isiyofika kwa wakati. Wakati huohuo wawindaji walikuwa wakiua sokwe kwa ajili ya nyama na kuwauza watoto wao sokoni, au barabarani kwa wageni na askari. Wanyama walionyang'anywa mikononi mwa wauzaji walihitaji mahali. Mwaka 2002 CRSN na idara ya hifadhi ya Kongo, ICCN, zilifungua Lwiro kituo cha kulea sokwe na nyani yatima. Kilianza na vizimba vidogo. Baadaye kikapata ua wenye miti. Leo kinatunza sokwe zaidi ya mia moja, pamoja na nyani, tumbili na kasuku. Walezi ni watu wa vijiji vya jirani, na kazi ya kumnywesha sokwe mchanga maziwa kwa chupa usiku na mchana hufanywa na akina mama.

Njia hiyo haikuwa ngeni Afrika Mashariki. Bustani ya Entebbe, ambako familia za Kampala hupeleka watoto siku za sikukuu, ilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama wagonjwa na yatima, na nyumba ya wanyama yatima ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1964. Mnyama anayetazamwa huko mara nyingi ana hadithi ya risasi au mtego nyuma yake, na mtoto huambiwa hadithi hiyo. Lwiro imeifanya kuwa somo. Wanafunzi wa shule za eneo hilo huletwa kwa makundi, wakasikia kwamba kila sokwe mchanga aliyefika pale alipoteza mama yake, na mara nyingi jamaa wengine pia, kabla hajauzwa.

Kwa hiyo mambo yamegeuka. Mtoto mdogo asiyeruhusiwa Tshivanga anakaribishwa Lwiro, na mgeni anayekutana naye getini si Mbelgiji wa likizo bali darasa zima la sare za buluu na nyeupe. Familia ya Bukavu inayotaka kufanya safari ya siku moja hupita Mudaka, Miti na Kavumu, ambako uwanja wa ndege uko, na kufika Katana bila kulala njiani. Watoto huona sokwe, kisha wanateremshwa ziwani. Katika bandari ndogo za ufuoni huuzwa sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao sasa ndio chakula cha kila siku cha Kivu. Wakikaangwa hadi wakauke huliwa wazima, kichwa na mkia. Wengine huenda kuangalia chemchemi za maji ya moto za Kankule.

Safari ya namna hiyo bado ni ya wenye mshahara. Watu wengi wa Katana wana mapumziko ya aina nyingine, ya zamani kuliko koloni, na ambayo vita vimeshindwa kuyafuta: kwenda kutembelea jamaa na marafiki. Shule zikifungwa, mtoto wa Kadutu au Bagira, mjini Bukavu, hupelekwa kwa bibi na babu Katana, akakaa wiki kadhaa akichunga mbuzi, akijifunza Mashi ambacho mjini husikia kwa nadra. Wazazi humtuma na sukari, sabuni na chumvi. Hurudi na maharage, viazi vitamu, parachichi na pengine kuku. Wenyeji huweka pombe ya ndizi, kasiksi, kwa wakubwa, na watoto hupewa sukari guru au ndizi mbivu. Kila anayepokelewa leo anajua kwamba mwenyeji wake atabisha hodi siku moja.

Wengi wana watu wao Idjwi pia. Kisiwa hicho, cha pili kwa ukubwa miongoni mwa visiwa vya maziwa Afrika baada ya Ukerewe, kiko mkabala na Katana, na vita vya bara havikukigusa sana. Katika miaka ya wasiwasi kimekuwa mahali pa kumpeleka mtoto apumue. Mitumbwi yenye injini huvuka na abiria, magunia na mananasi, na kwa mtoto wa mjini mvuko huo ndio vakansi yenyewe, mbali na anachokwenda kukuta.

Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliteremka kwa barabara hii ya ziwa. Uwanja wa Kavumu ulitekwa tarehe 14 na Bukavu siku mbili baadaye. Ndege za abiria zikakoma, na watalii waliokuwa wameanza kurudi kwa uchache wakatoweka tena. Wafanyakazi wa Lwiro waliendelea kuwalisha sokwe, maana mnyama aliye kizimbani hawezi kukimbia. Katana ikawa tena mahali pa watu kuhesabu vituo vya ukaguzi kabla ya kuamua kumpeleka mtoto kwa bibi yake, na safari nyingi zikahamia majini. Waliofanya hivyo walifuata desturi isiyohitaji ofisi ya utalii wala kitabu cha mwongozo: wanauliza kwanza boti gani inaondoka, kisha wanatuma habari mbele kwamba wageni wanakuja.